Safari ya Kwenda Kumwacha Tulia

Jamani, nimechoka kusimulia habari moja vipande vipande. Kazini nilieleza nusu, wateja wakaingia. Kanisani nikaeleza nusu nyingine, kwaya ikaanza. Nyinyi wa chama ndio mmesikia mabaya kuliko wote, eti mbwa wangu aliharibu matanga ya baba yangu mdogo. Hakuharibu. Au tuseme aliharibu kidogo, halafu akatengeneza. Sasa nawaandikia yote mara moja, na mwenye swali anywe maji kwanza aniache nimalize.

Kiplombe, kabla ya kutoka

Mnaomjua Tulia mnamjua. Kwa wale mnaomsikia tu, ni mbwa wa aina ya border collie, mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi mwenye kifua cheupe na mstari mweupe katikati ya uso. Nilimpata akiwa mdogo kutoka kwa mfugaji wa Burnt Forest, mteja wetu pale agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo ninakofanya kazi. Alisema huyu mmoja ni mwoga, anawakodolea kondoo macho bila kubweka, kwa hivyo hatamfaa. Mimi nikayaona hayo macho nikasahau kwamba ninapanga chumba na sebule hapa Kiplombe, Eldoret. Jina lilijileta lenyewe. Kila aliyeingia kwangu alimwambia "Tulia! Tulia!" mpaka akaanza kuitika.

Nilidhani mbwa ni mbwa: unampa ugali na mabaki ya nyama, mchana unamfunga, usiku unamfungulia abweke. Huyu hapana. Ukimwacha siku moja bila kazi, kesho yake amejitafutia kazi, na kazi yenyewe ni viatu vyako au godoro. Nikajifunza. Alfajiri tunakimbia, na wale wanariadha wanaofanya mazoezi kwenye barabara yetu ya vumbi wanamjua vizuri, maana huwazunguka wanaobaki nyuma ili kundi lisikatike. Chakula chake namfichia chini ya sufuria zilizopinduliwa, apate jambo la kufikiria. Jumamosi namchana manyoya, kwa sababu mbegu zote za majani ya Kiplombe huja nyumbani naye. Nimempenda, sitaficha. Mtu anayekaa peke yake akipata kiumbe kinachosimama dirishani kumngoja, hawezi kujifanya hajali.

Shida ilikuwa kondoo. Mwenye nyumba wangu, Mzee Kiprono, anafuga kondoo kwenye shamba lililopakana na ploti yetu. Kila jioni nikifika kutoka kazini namfungulia Tulia, naingia jikoni kuweka chai, na kabla chai haijachemka kondoo wote wa Mzee wako mlangoni kwangu. Wote kabisa, wamesongamana kwenye veranda, wamekanyaga maua, mmoja anachungulia sebuleni. Na Tulia amelala nyuma yao, kidevu chini, ananiangalia mimi kama aliyemaliza mtihani akangoja alama.

"Mama, mbona kondoo zangu zinataka kulala kwako?" Mzee aliniuliza mara ya kwanza, akicheka. Baadaye kicheko kiliisha. "Hii mbwa yako inafukuza kondoo. Kondoo ikifukuzwa inatupa mimba. Na watu wameanza kusema labda wewe ndio unaita kondoo zangu usiku na mchana."

Niliomba msamaha, nikamfunga Tulia kamba, akala kamba. Ndipo simu ikaja kutoka nyumbani, upande wa Bondo: Baba Okelo ameaga. Huyo ni mdogo wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Nilipokwenda kumwambia Mzee Kiprono kwamba nasafiri, alivua kofia.

"Pole sana, Mama. Enda uzike mzee wako." Akairudisha kofia kichwani. "Na hiyo mbwa enda nayo. Ukirudi, urudi peke yako. Ama utafute nyumba ingine."

Nikampigia ndugu yangu Otieno, mtoto wa Baba Okelo. Akafurahi. "Lete! Nataka mbwa mkali hapa nyumbani. Mnyororo nimeshanunua." Niliposikia habari ya mnyororo roho iliniuma, lakini ningefanya nini? Basi safari ikawa na mambo mawili, kumzika baba na kumwacha Tulia, na sijui ni lipi lililonililiza zaidi wakati nafunga begi.

Eldoret hadi Chavakali, pamoja na vifaranga

Gari la abiria lenye akili timamu halibebi mbwa. Aliyenisaidia ni Wekesa, dereva anayetuletea vifaranga vya siku moja pale dukani. Siku hiyo alikuwa na mzigo wa kusambaza Kapsabet, Chavakali mpaka Kisumu. Makatoni ya vifaranga yalijaa kiti cha nyuma cha pikapu yake, pakabaki nafasi ya mbwa mmoja mwembamba.

"Hii itakula mzigo," akasema.

"Hatakula. Atawaangalia tu."

"Kuangalia hakuna shida. Hata mimi nawaangalia."

Wekesa hakujua ni kuangalia kwa namna gani. Mbwa wa aina hii hafanyi kazi kwa mdomo. Anainamisha kichwa, anakaza macho, na mnyama anayeangaliwa anaona afadhali asogee. Tulipotoka mjini vifaranga walikuwa wanapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Tulipokaribia Mosoriot, kimya.

"Madam," Wekesa akasema polepole, "mbona vifaranga wamenyamaza?"

Akasimamisha gari kando, tukafungua katoni. Walikuwa wazima, lakini wote wamerundikana pembe moja, mbali kabisa na Tulia, wale wa chini wameanza kubanwa. Wanaofuga kuku mnajua, hivyo ndivyo vifaranga hufa, kwa kulaliana. Wekesa alishika kichwa. Nikatoa leso yangu ya matanga, tukaining'iniza kati ya mbwa na makatoni kama pazia, na kidogo kidogo kelele zikarudi. Tulia, aliponyimwa vifaranga, akahamishia macho kwenye shingo ya Wekesa, na maskini akaendesha gari hadi Kapsabet bila kupita mtu yeyote vibaya.

"Mwalimu mkuu wangu wa primary alikuwa anatuangalia hivi," alisema. "Mpaka leo nikimuona town navuka barabara."

Kapsabet mteja wake alitupa mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, kwenye kibuyu. Mimi nilikunywa, Wekesa alikunywa, Tulia akalamba kifuniko akatafuta kibuyu kiko wapi.

Chavakali tukakwama. Mteja wa kupokea vifaranga alikuwa amesema yuko njiani, na mnajua njia ya mtu aliye njiani. Tukangoja. Karibu yetu walikuwa akina mama wa kanisa, sare nyeupe na vitambaa vya buluu, wanangoja gari la kwenda harambee. Walikuwa wametawanyika, mmoja ananunua ndizi, wengine chini ya mwavuli wa wauzaji simu, wawili wanagombana taratibu kuhusu nani alibeba sufuria. Nilimshusha Tulia anyooshe miguu, nikakaa na chai yangu na kiazi kitamu. Sikumwona akianza. Nilichosikia ni sauti ya mama mmoja mnene akisema, "Dada zangu, mbona tumebanana hivi na kivuli yote iko wazi?"

Nikainua macho. Kundi zima lilikuwa limesimama bega kwa bega mbele yangu, pamoja na mama wa ndizi na ndizi zake. Tulia amelala nyuma yao. Hakumgusa hata mmoja. Alipita tu huku, akapita kule, kila mama akasogea hatua ili ampishe mbwa, na hatua kwa hatua wakawa kitu kimoja.

Nilidhani nitatukanwa. Walicheka mpaka mmoja akalazimika kushika mti. "Pasta amejaribu miaka mingi kutuweka pamoja," yule mnene akasema, "mbwa amefanya na chai haijapoa!" Waliposikia nakwenda kuzika waliacha kucheka, wakaniombea pale pale barabarani, na mwisho yule mama akaongeza, "Na huyu mwenzake pia, Bwana, umtafutie mahali." Hakujua anaomba nini. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote.

Kisumu: joto na kinyozi

Sisi watu wa Eldoret tunasahau joto. Tunashuka mlima na sweta, halafu tunashangaa. Sasa fikiria umezaliwa kwenye baridi ya Burnt Forest na makoti mawili ya manyoya usiyoweza kuyavua.

Wekesa alituacha karibu na soko akamalize kazi yake, akaahidi kutafuta mtu wa kutufikisha Bondo. Tulia alitafuta kivuli akajitupa chini, ulimi nje, mate yanadondoka. Kinyozi wa kibanda cha jirani akatoka na mashine mkononi.

"Sister, huyu anakufa na nywele. Nikunyolee? Nitamtoa design."

Nikamwambia hapana, asante. Hili nilifundishwa na daktari wa mifugo anayekuja dukani: manyoya ya mbwa huyu yamepangwa tabaka mbili, na yale ya ndani ndiyo yanamkinga na jua pia. Ukimnyoa umemwacha uchi kwenye moto. Kinyozi hakuamini, na watu waliokuwa wanangoja kunyolewa hawakuamini. Kila mmoja akatoa ushauri. Kisha mmoja akasema neno ambalo halifai kusemwa sokoni.

"Angalia mate. Hiyo ina kichaa."

Mnaona watu walivyorudi nyuma? Nami niliwaona. Bwana mmoja akainama akaokota jiwe. Nilisema amechanjwa, nikapaza sauti, lakini sauti ya mwanamke mgeni mwenye mbwa anayetoa mate ina uzito gani? Nikapiga magoti mbele ya Tulia nikamkinga.

Aliyetuokoa ni yule kinyozi. Alikuja na beseni la maji ya kuoshea vichwa, akaliweka chini akaruka nyuma. Tulia akanywa. Akanywa kwa kelele, akaweka na miguu ya mbele ndani, akaendelea kunywa.

"Wa kichaa anakimbia maji," mzee mmoja akatangaza. "Huyu ana kiu tu." Jiwe likaanguka chini, na mwenye jiwe akajifanya alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Nilimlowesha Tulia tumboni na kwenye nyayo, tukakaa kivulini mpaka pumzi yake ikarudi, na kinyozi akakataa chochote isipokuwa kumpiga picha.

Wekesa alirudi na jibu la maombi: lori la barafu. Kila siku magari hayo hupeleka barafu ufukweni kwa wenye samaki, na dereva, bwana mkubwa aitwaye Ouma, alikuwa anapita Bondo. "Mbele pamejaa," akasema. "Nyuma kuna barafu na magunia." Nikapanda nyuma na Tulia. Alilala juu ya magunia yenye baridi, akafumba macho, akapumua kama mtu aliyerudi kwenye baridi ya kwetu Uasin Gishu. Kwa upande wangu, nilishuka matangani sketi imeloa nyuma yote, na shangazi zangu wakanizungushia leso haraka bila kuuliza.

Nyumbani kwa Baba Okelo

Niliwakuta wamejaa. Nililia kwanza, kama inavyopasa, kisha nikaenda kwa Mama Risper, mke wa Baba Okelo, aliyekuwa ameketi kando ya jeneza. Alinishika mkono lakini hakusema neno. Wakaniambia yuko hivyo tangu mzee afe. Hali chakula, halii, hazungumzi, na watu wameanza kuogopa.

Otieno alikuja na mnyororo wake mpya. Alimpigia Tulia kelele, akapiga mguu chini, akarusha mikono. Tulia akamtazama.

"Mbona haibweki?"

"Hawa hawabweki sana. Wanaangalia."

"Sasa mwizi akija nimwambie angoje aangaliwe?"

Jirani mmoja anayetibu ng'ombe akaona Tulia anajikuna, akaja na sindano ya dawa ya kupe, kwa roho nzuri kabisa. Nilimshika mkono kabla hajafika. Dawa ile ya ng'ombe, wengine wa jamii hii ya mbwa inawaingia ubongoni, mbwa anaanguka hainuki. Nimeiuza kaunta kwa miaka na hilo daktari alinionya mapema. Walisema mbwa wa Eldoret anaringa. Sawa, aringe, lakini awe hai.

Siku ya mazishi kulikuwa na tero buru. Kwa wasiojua desturi zetu za Kijaluo: mzee mwenye boma akifa, wanaume hupeleka ng'ombe mbali, halafu huwarudisha mbio nyumbani wakiwa wamejifunga majani, na filimbi, fimbo na nyimbo za vita, ili kifo kifukuzwe kitoke bomani. Inatakiwa vumbi. Inatakiwa ng'ombe wapagawe. Kadiri wanavyokimbia ndivyo mzee alivyokuwa mkubwa. Mchungaji wa kanisa alikuwa amekubali kwa shingo upande, akaketi mwisho wa hema.

Tulia nilimfunga kwenye nguzo ya jikoni kwa leso. Najua mtasema nini. Alishakula kamba, leso ni kitu gani?

Tukasikia filimbi, ardhi ikatikisika, ng'ombe wa Baba Okelo wakaingia langoni na wanaume nyuma yao wanapiga kelele. Nilisimama kando ya Mama Risper nikimshika bega. Nikaona kitu cheusi na cheupe kikipita chini ya ua, mbali, kwa mzunguko mkubwa, bila haraka.

Alipita nje kabisa ya wale wanaume. Ng'ombe aliyeelekea kwenye migomba akarudishwa. Waliotaka kuvunja hema wakageuzwa. Hakubweka, hakuuma, alichuchumaa tu na kuangalia. Mbio zikawa mwendo, mwendo ukawa hatua, na kundi zima likaja kwa utaratibu, pua zikipuliza, likasimama mbele yetu, mbele yangu na Mama Risper na jeneza. Wanaume wakabaki nyuma na fimbo hewani, wimbo ukawafia mdomoni. Hata mchungaji alisimama.

Mama Risper akainuka. Akanyoosha mkono, akamshika kwenye paji la uso ng'ombe mzee mwekundu aliyekuwa mbele. Akamwita kwa jina. Akamwita na wa pili, na wa tatu, kama Baba Okelo alivyokuwa akifanya kila jioni mlangoni mwa zizi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka usingizini. Alipofika kwa ndama, akalia. Akalia kwa nguvu, nikamshika, na wanawake wote wakalia naye. Alipopata pumzi aliniangalia, akamwangalia Tulia, akasema, "Wamekuja kumuaga vizuri."

Sasa wazee. Wazee walikasirika, na walikuwa na haki yao. Kifo kinafukuzwaje na ng'ombe waliosimama? Wengine walisema ni mkosi, wengine walisema ni baraka, na mmoja mcheshi akasema hapana, ni posa. "Huyu mtoto hajaolewa! Mbwa amemletea mahari mbele ya mashahidi!" Kicheko kikatuokoa kidogo. Mwisho waliamua tero buru irudiwe, na mbwa wa Eldoret afungiwe jikoni, mlango uwekwe jiwe. Ikarudiwa, vumbi likafika mawinguni, kila mtu akaridhika, tukamzika baba yetu. Mama Risper akala uji jioni ile.

Mlango wa zizi

Kesho yake ng'ombe walikuwa bado na wazimu wa buru. Walikuwa wametoka zizini wakaingia mtama wa jirani, na wanaume wa jana walikuwa wamelala wamechoka na ushujaa. Otieno akawakimbilia na fimbo, wakatawanyika zaidi.

Mama Risper alitoka nyumbani kwa hatua za mgonjwa. Akaniambia, "Fungua jikoni." Nilipokwenda kumfungua Tulia akanishika mkono. "Ngoja. Jana aliwapeleka wapi?"

"Kwa jeneza, Mama."

"Hakuwapeleka kwa jeneza. Mbwa anajua jeneza? Aliwaleta kwako. Sasa usisimame hapa uwanjani. Nenda usimame pale."

Alinionyesha mlango wa zizi, mahali pa Baba Okelo, ambapo nyasi zilikuwa hazioti kwa sababu ya miguu yake.

"Pale ni pa mzee!" Otieno akalalamika, akihema.

"Mzee amekwenda," Mama Risper akasema. "Mlango haujaenda."

Nikasimama. Miguu yangu iliingia pale pale miguu yake ilipozoea kukaa. Tulia akafunguliwa, akapiga ule mzunguko wake mkubwa nyuma ya mtama, na ng'ombe wakaanza kutoka mmoja mmoja, kichwa hiki, pembe zile, wakaja moja kwa moja kwangu, wakanipita ubavuni, wakaingia zizini. Otieno hakuwa na la kufanya ila kufunga.

Nikaketi chini pale pale. Miezi yote ile Kiplombe! Mbwa hakuwa anafukuza kondoo. Alikuwa ananiletea. Nilipo mimi ndipo alipodhani ni nyumbani kwao, na mimi kila jioni nilikuwa nimesimama jikoni naweka chai.

Otieno akabadilika ghafla kama hali ya hewa. "Huyu simfungi tena mnyororo. Mwacheni hapa, tutamlisha samaki."

Nilimtazama Tulia, amelala kwenye nyasi zenye kivuli, ng'ombe mbele yake, ameridhika kabisa. Nilifikiri, labda hapa ndipo mahali yule mama wa Chavakali alipoombea. Nikasema kwa shida, "Mama, kama mnamhitaji..."

"Ukiondoka, atawaleta ng'ombe kwa nani?" Mama Risper akauliza. "Atawaleta barabarani akikufuata. Na joto la hapa litamuua na hilo koti. Rudi naye. Ukamwambie mwenye kondoo asimame mahali pazuri."

Kurudi

Tulirudi na Ouma akiwa na samaki, kisha na Wekesa akiwa na makatoni matupu, na Kisumu kinyozi alitoa beseni kabla sijaomba. Otieno alinipa ule mnyororo niupeleke dukani kwetu tuone kama tutaununua. Hatukuununua, sasa jirani anafungia lango lake. Mlima ulipoanza, Tulia akatoa kichwa dirishani akavuta baridi.

Mzee Kiprono alikuwa nje tulipofika. Alimwona mbwa, akaniona mimi.

"Nilikuambia urudi peke yako."

"Mzee, nipe jioni moja. Hii moja tu. Twende tusimame na wewe kwa mlango ya zizi yako. Usiseme kitu, usimame tu."

Hakutaka. Lakini Mkalenjin ukimwambia habari ya mifugo na ukaisema kwa heshima, atasikiliza hata akiwa na hasira. Akaja, mikono nyuma. Tukasimama mlangoni. Nikamwachilia Tulia.

Alizunguka upande wa kulia, karibu na ua. Kondoo wakainua vichwa. Wakakusanyika, wakaja wakikata shamba, wakapita mbele ya veranda yangu na maua yangu bila kugeuka, wakatufikia, wakaingia zizini. Tulia akalala chini, kidevu ardhini, akaniangalia.

Mzee aliingia kwa wale kondoo, akamtafuta mwenye mimba, akamwekea mkono tumboni, akasikiliza pumzi yake kwa muda mrefu.

"Haihemi kama iliyofukuzwa," akasema. Ni hilo tu. Akafunga mlango akaenda zake, na mimi sikujua kama nimefukuzwa au nimesamehewa. Nilifungua begi nusu, nusu nikaiacha imefungwa.

Siku iliyofuata nilichelewa kazini, kulikuwa na foleni ya watu wa mbegu. Nilipofika giza lilikuwa linanyemelea. Kondoo walikuwa bado wametawanyika mbali shambani. Dirishani kwangu niliona pua nyeusi imebanwa kwenye kioo. Na kwenye mlango wa zizi, peke yake, ameuacha wazi, alikuwa amesimama Mzee Kiprono.

"Mama," akaita, "mbona unachelewa hivyo? Tunakungoja."

Nikaweka mkoba chini, nikamfungulia Tulia, nikaenda kusimama mahali pangu.